Nyumba Isiyopitisha Upepo

Julai ya Arusha haina adabu. Saa tatu asubuhi jua lilikuwa bado linajivuta nyuma ya ukungu, na wakazi wa Kaloleni walioitwa mbele ya ofisi ya mtaa walisimama wamejikunyata ndani ya makoti ya mitumba, wengine wamejitanda mashuka ya Kimasai juu ya kanga. Walikuja kwa sababu mwenyekiti alitangaza kwamba zimamoto wangefundisha bure. Walikuja pia kwa sababu gari jekundu likisimama mtaani na hakuna kinachoungua, nani atakubali kubaki ndani?

Mwalimu wao alikuwa Koplo Nasieku, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na minne, mwenye sauti ya kuongozea gwaride. Kazi hii aliipenda, na watu walimpenda akiifanya. Aliwasha moto kwenye karai la mafuta, akamwita muuza chipsi mmoja auzime, na jamaa alipokimbilia ndoo ya maji akamshika ukosi wa shati kabla hajajiunguza. Akalifunika karai kwa kitambaa kibichi, moto ukafa, watu wakapiga makofi. Akawakaririsha namba ya dharura, mia moja na kumi na nne, mpaka wazee wakawa wanaiitikia kama watoto wa chekechea. Dereva wake, Sajenti Elimringi, alikuwa ameegemea gari akichezesha midomo, maana somo hilo alikwisha kulisikia hadi likamkaa kichwani neno kwa neno.

Halafu Nasieku akaweka mbele yao jiko la mkaa. Hapo ndipo alipowajulia watu wa Arusha. Moshi wanauogopa, na jiko linalofuka hawaliingizi chumbani hata kwa dawa. Lakini mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu na moshi umekwisha, wanaona sasa ni salama. Linabebwa kwa masikio yake mawili hadi katikati ya chumba, mlango unafungwa, tambara linasukumiwa chini ya mlango upepo usipite, na watu wanalala. Aliwaambia kwamba mkaa uliokolea unatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na kwamba hewa hiyo inaua mtu huku anajisikia usingizi mtamu. Watu waliguna. Kila mmoja alikuwa akilifikiria jiko lake.

Bibi mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa Bi Faudhia, mtu wa Kondoa, aliyepanga chumba kimoja nyuma ya soko na kuuza karanga za kukaanga. Alikuwa akiishi peke yake miaka mingi kiasi kwamba majirani walikuwa wameacha kumuuliza habari za watoto.

"Mwanangu," akasema, "nimekuelewa. Sasa jiko tukishalitoa nje, sisi tuote nini?"

Swali hilo halikuwemo kwenye kitabu cha somo. Nasieku hakutaka kuonekana amekwama, akachukua njia ya mkato.

"Bibi, ongeza blanketi. Ikishindikana, tafuta babu."

Uwanja mzima ulicheka. Elimringi naye alicheka. Bi Faudhia hakucheka. Alijifunga kanga vizuri, akainua beseni lake la karanga, akaondoka polepole kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi. Nasieku alimwona. Kitu kilimchoma kidogo, lakini akaendelea, maana watu walikuwa wamechangamka.

Muuza chipsi akauliza mtu atajuaje kwamba hiyo hewa imeanza kumwingia kabla hajafa. Nasieku akajibu kama alivyojibu mara mia.

"Utaamka kichwa kinakugonga. Miguu haina nguvu, tumbo linachafuka. Ukitoka nje, ukapigwa na hewa, kinaacha. Kesho yake asubuhi tena."

Akanyamaza. Watu walidhani anavuta pumzi. Lakini Nasieku alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwa sauti ya mtu mwingine, sauti ya mama yake kwenye simu, wiki iliyopita na ile ya kabla yake. Kichwa kinanigonga nikiamka, alisema mama. Nikienda kukamua kinaacha. Na yeye akamjibu kwamba hiyo ni presha, asisahau vidonge vyake.

Alitoa simu mbele ya watu wote, akampigia. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena.

Elimringi alimwona Nasieku usoni, akafungua mlango wa gari.

---

Mama yake Nasieku, ambaye mwanawe alimwita Yeyo kama Waarusha wote wanavyowaita mama zao, alikaa upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya Ngaramtoni, mahali ambapo upepo wa mlima unateremka jioni na hauondoki hadi asubuhi. Nyumba aliyokaa ilikuwa fahari ya kijiji. Nasieku aliijenga kwa mshahara na mkopo: matofali ya bloku, bati la rangi, dari ya jipsamu, marumaru sakafuni, madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya giza na nondo. Nyumba ya zamani, ya fito na udongo, aliibomoa siku ileile Yeyo alipohamia, kusudi mama asije akarudi kulala humo.

Barabarani, king'ora kikilia, Nasieku alimkumbuka fundi Aminieli akiwa juu ya ngazi. Fundi alimuuliza aache matundu mangapi ya hewa juu ya madirisha. Nasieku akamwambia asiache hata moja, kifua cha mama hakitaki upepo. Aminieli akajaribu kusema kwamba nyumba lazima ipumue. "Fundi," Nasieku akamjibu, "mimi ni zimamoto. Usinifundishe." Fundi akaziba. Akaziba vizuri sana, kwa saruji, akapiga na rangi juu yake.

Jirani wa karibu alikuwa mmoja tu, Mama Simel, na Mama Simel hakuwa akiingia tena uani kwa Yeyo. Mwaka uliopita mwanawe Simel alipiga mpira ukavunja kioo cha sebuleni, na Nasieku akamtaka mama mtu alipe, elfu thelathini, ili watu wajifunze kuheshimu mali. Yeyo alimsihi aache. Mama Simel aliuza kuku wake wote sita, akailipa hela hiyo mkononi mwa Nasieku bila neno, na tangu siku hiyo akawa anampitia Yeyo mbali, akimsalimu kutoka barabarani. Namba ya Mama Simel ndiyo Nasieku alilazimika kuipiga sasa. Iliita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Ya tatu ikapokelewa.

"Nani?" Mama Simel aliuliza, ingawa namba alikuwa nayo.

Nasieku akajitaja, akamwomba akamwangalie mama. Mama Simel akasema kwamba kweli, leo hajamwona, na ndama analia tangu alfajiri hajafunguliwa. Alikwisha kuliona hilo lakini aliona halimhusu. Alianza kutembea huku simu ikiwa sikioni, na Nasieku alimsikia akifungua geti, akigonga mlango wa chuma, akiita jina la mama yake mara mbili, tatu.

"Kimya. Amefunga kwa ndani."

"Chungulia dirishani."

"Vioo vyako havionyeshi ndani."

"Basi vunja. Chukua jiwe, vunja kioo."

Hapakuwa na jibu. Gari lilikuwa linapita kona ya mwisho ya lami, na Elimringi alikuwa anawapigia honi punda waliobeba maji. Nasieku alidhani mtandao umekata.

"Mama Simel?"

"Nipo." Sauti ilikuwa ya chini. "Nasieku, mimi kuku wengine wa kuuza sina."

Nasieku alishika dashibodi ya gari. Hakuwahi kuaibika hivyo maishani mwake, na hapakuwa na nafasi ya kuaibika.

"Vunja, Mama Simel. Vunja vyote. Nakuomba."

Akasikia jiwe, akasikia vioo vikimwagika juu ya marumaru, kisha sauti ya Mama Simel ikapanda. Yeyo yuko chini, alisema, sebuleni, juu ya godoro, na jiko liko hapo ubavuni mwake. Nasieku akamwelekeza kama anavyowaelekeza askari wapya: avunje madirisha ya pande zote mbili, aite watu na mtaimbo, waung'oe mlango, wamtoe nje penye upepo, na asikae mtu ndani hata dakika. Aliyasema yote bila kukosea.

---

Walimkuta Yeyo kwenye majani chini ya mparachichi, amefunikwa shuka, kichwa chake kwenye paja la Mama Simel. Alikuwa anapumua. Pumzi zilikuwa za mbali mbali na za kukoroma, lakini zilikuwepo. Mashavu yake yalikuwa na wekundu mzuri, na mmoja wa majirani alisema mama amependeza hata katika ugonjwa. Nasieku alijua wekundu huo ni wa ile hewa ya mkaa, akageuza uso.

Mbele ya mlango uliong'olewa, wanambuzi wawili waliotolewa sebuleni walikuwa wamelazwa kwenye sakafu ya baraza, ubavu kwa ubavu. Walikuwa wamekufa. Hakuna aliyeelewa walifanya nini humo, maana Nasieku mwenyewe alikuwa amekataza mifugo isikanyage hata ngazi za ile nyumba.

Elimringi alimvalisha mama barakoa ya mtungi wa hewa wa kikosi, wakampakia. Nasieku alipanda nyuma pamoja naye. Alitaka kumwambia Mama Simel jambo, akafungua mdomo, na Mama Simel akamwambia waende, watachelewa. Mikono yake ilikuwa na michaniko ya vioo hadi kwenye kiwiko.

---

Siku mbili Yeyo alilala hospitalini bila kusema kitu cha maana. Siku ya tatu alifumbua macho, akamtazama Nasieku aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki na magwanda yake yaliyonuka jasho, akauliza habari za wanambuzi.

Nasieku alifikiria kudanganya. Akaona hana haki hiyo, akamwambia wamekufa.

Yeyo alivuta shuka hadi kidevuni. "Walikuwa wanapumua vizuri," akasema. "Nilikuwa nawasikia nikiwa nasinzia."

"Uliwaingiza kwa ajili ya baridi?"

"Wao wana manyoya. Baridi ni yangu mimi." Alihema kidogo. "Ile nyumba imenyamaza sana, Nasieku. Nyumba yangu ya zamani ilikuwa inasema, upepo unapita, panya anapita, Mama Simel akikohoa kwake namsikia. Hii ukifunga mlango ni kama umezikwa. Nikasema niingize chochote kinachopumua."

Nasieku alimuuliza kwa nini hakumwambia kwamba analala na jiko. Mama akajibu kwamba baridi aliisema, na akatumiwa mablanketi, matatu, kwa bodaboda. Alilisema hilo bila hasira, na ndiyo maana lilimwingia Nasieku zaidi. Yeyo aliendelea kueleza kwamba jana Mama Simel alipokuja kumwona, alimsikia kwa mbali akimsimulia kazi ya Nasieku mjini, eti anazunguka mitaani kuwaambia watu wasilale na jiko.

"Mimi nilijua wewe ni wa kuzima moto tu," Yeyo akasema. "Kumbe unafundisha."

"Nafundisha, Yeyo."

"Watu wanaelewa?"

Mama yake alitoa mkono chini ya shuka la hospitali, akamgusa goti kama mtu anayepima kama kitu kimepoa.

"Miaka miwili," akasema. "Unakuja Jumapili tukitoka kanisani, saa kumi unaangalia saa. Ungelala siku moja tu, ungeliona jiko."

Halafu akasema amechoka, akageukia ukutani. Nasieku alikaa pale hadi muuguzi alipokuja kumwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Alitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji, akalia kimyakimya huku amekunja kofia ya kikosi mkononi.

---

Yeyo aliporuhusiwa alikataa kurudi nyumbani kwake. Hakugombana. Alisema tu hapana, na Mama Simel akamchukua kwake bila kuomba ruhusa ya mtu, kwenye nyumba yake ya fito ambayo mwanga wa mchana unapenya kwenye kuta zake. Nasieku alichukua likizo ya wiki moja.

Kabla ya kupanda Ngaramtoni alipitia Kaloleni. Hakuwa na hotuba aliyoandaa. Alitaka tu kumsalimu Bi Faudhia, amwambie kwamba swali lake lilikuwa la maana kuliko somo zima, na kwamba amekosa adabu mbele ya watu. Chumba nyuma ya soko kilikuwa na mpangaji mpya, fundi simu, aliyekuwa anapaka rangi. Alisema bibi alifungasha ghafla wiki iliyopita, amerudi Kondoa kwa kaka yake, baridi imemshinda. Nasieku aliomba namba ya simu. Aliuliza chumba hadi chumba, nyumba nzima yenye wapangaji kumi na wawili, na hapakuwa na aliyekuwa nayo.

Kule nyumbani aliazima nyundo na tindo, akapanda ngazi, akaanza kufungua matundu ambayo Aminieli aliyaziba. Saruji ilikuwa nzuri. Ilimchukua siku mbili, viganja vikatoka malengelenge, vumbi likajaa kwenye makochi ambayo hayajawahi kukaliwa na mgeni. Madirisha yaliyovunjwa aliyawamba nailoni kwa muda. Siku ya pili jioni alimaliza tundu la mwisho, akateremka, akasimama katikati ya sebule. Upepo wa mlima ulipita juu ya kichwa chake ukitokea upande wa pili.

Na baridi ikaingia. Yeye aliyezaliwa hapo alikuwa ameisahau, miaka kumi ya kulala mjini kwenye nyumba zilizobanana. Alivaa koti. Akavaa la pili. Akachukua yale mablanketi matatu, akajifunga yote, na bado baridi ilikuwa inatoka chini, kwenye marumaru alizozichagua mwenyewe dukani kwa sababu ya mng'ao wake. Simu haikulia. Elimringi alikuwa kazini. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumpigia, na jambo hilo hakuwahi kulitambua akiwa amevaa sare. Kutoka ng'ambo ya uzio alisikia mwiko ukigonga sufuria, na Yeyo akicheka kwa sababu ya kitu alichosema Mama Simel. Muda mrefu alikuwa hajamsikia mama yake akicheka.

Alitoka barazani. Jiko alilochemshia chai lilikuwa limekolea, jekundu, halina moshi hata kidogo. Akalishika kwa masikio yake mawili, kwa tambara, akaliingiza ndani. Dakika tano tu, alijiambia. Matundu yapo wazi, nailoni inavuja, na yeye yuko macho, si mtu wa kusinzia. Aliliweka kwenye marumaru, akachuchumaa, akanyoosha viganja vyake vyenye malengelenge. Joto lilimpanda mikononi, likafika kifuani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yakalegea. Lilikuwa joto zuri. Alimwelewa kabisa mama yake.

Alipoinua kichwa aliona mlango umefungwa. Ule mlango mpya wa mbao aliouweka badala ya ule wa chuma ulikuwa umefungwa hadi kitasa kimeingia, na mtu wa kuufunga hakuwepo ila yeye. Alikuwa ameusukuma kwa kisigino alipokuwa anaingia na jiko, upepo usipite.

Nasieku alisimama akiuangalia mlango huo. Midomo ilimcheza kama ya Elimringi, akirudia maneno aliyowaambia watu wa Kaloleni, na hakuna hata moja lililomkinga. Akaufungua. Akalibeba jiko, akatoka nalo, akapita getini, akakata kilima kidogo kilichotenganisha nyumba mbili hizo. Mablanketi yalikuwa yanaburuta nyuma yake kwenye umande. Mbele ya nyumba ya Mama Simel alisimama, maana hakujua kama anayo ruhusa ya kuingia mahali ambapo aliwafanya wenyewe wauze kuku.

"Hodi," akasema. Sauti ya gwaride haikutoka.

Ndani mwiko uliacha kugonga. Moto wa kuni ulikuwa unaonekana kupitia kuta, na moshi ulikuwa unatoka kila mahali, kwenye paa, kwenye fito, juu ya mlango. Mama Simel alisikika akisogeza kigoda. Halafu akasikika Yeyo, anakohoa kidogo kwanza, kisha anaongea kwa ile sauti ya kutania ambayo Nasieku aliiacha katika nyumba aliyoibomoa.

"Jiko liache nje, afande. Wewe ingia."

Akaliweka chini kwenye majani, akainama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akaingia.